Tujihoji Kabla Hatujachochewa
Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya, na majirani waliozoea kuombana chumvi wakafukuzana kwa sababu ya kabila. Wanasiasa walichochea, ndiyo, lakini uchochezi hushika upesi penye imani ambayo mwenyewe hajawahi kuihoji. Kwa hiyo natetea zoezi jepesi: chukua karatasi, andika unachoamini kuhusu kabila jingine, kisha jiulize nani alikuambia, umeshuhudia nini kwa macho yako, na ushahidi gani ungekubadili mawazo. Wapo wanaohofu kwamba kujihoji kutamng'oa mtu kwenye mila na dini yake. Sikubali. La kweli halipotei kwa kuulizwa. Kinachopotea ni chuki ya kurithi, nayo haifai kuachiwa watoto wetu.