Fundi yuko mbali, jina ni lako

Siku hizi katika mabiro ya migodi yetu, kutoka Kolwezi mpaka Fungurume, ordinatere ikikwama hauone tena fundi anashuka kwenye gari. Anapiga simu: «Fungua AnyDesk, unitajie namba.» Unamtajia, unabonyeza kukubali, na mshale unaanza kutembea peke yake kwenye ekrani. Yeye anaweza kuwa Lubumbashi, ao Johannesburg, ao Uchina. Hatukatai. Kungojea mutu atoke Lubumbashi, karibu kilomita 300, juu ya printa tu, ilikuwa kupoteza siku.

Shida iko kwenye jina. Yule fundi anaingia ndani ya kazi uliyofungua wewe, kwa jina lako na neno lako la siri. Programu ya mizani ya makamyoni ao ya mishahara haijue kama mikono ni miwili. Kila namba inayobadilishwa inaandikwa kwako. Kesho tani za kobalti hazilingane, ao prime za wachimbaji kumi zimepotea: barua ya kuomba maelezo itaenda kwa nani? Si kwa mutu wa Johannesburg.

Tena kuna kode ya kudumu. Ukiiweka, fundi anaingia hata usiku, hakuna mutu kwenye kiti. Kwa serveri, sawa. Lakini kwa ordinatere yenye fishi za mishahara na karatasi za daktari, ni mlango usio na sentineli. Mwezi wa pili 2024, AnyDesk yenyewe, sosiete ya Ujerumani, ilitangaza kwamba wezi waliingia katika mashini zake, ikaomba watu wabadilishe maneno ya siri. Kama mwenye kufuli anaibiwa, sisi je?

Na kazi ya vijana wetu? Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inataka sosiete ambazo Wakongomani wana hisa nyingi. Vizuri. Lakini mkataba unaweza kuwa wa Mkongomani kwenye karatasi, na mkono unaotengeneza ukabaki inchi ingine. ARSP inaangalia hisa. Mkono, nani anauangalia?

Tunachoomba hakigharimu makuta mingi. Mwenye kiti akubali kila mara, na kode ya kudumu ibaki kwa serveri tu. Fundi akitaka kugusa mishahara ao mizani, aingie kwa jina lake mwenyewe. Programu hizi zinaandika zenyewe siku, saa na namba ya aliyeingia: ile karatasi itolewe mbele ya delege wa sendika kabla ya kumwazibu mutu. Na wewe mtumikaji, funga mafaili ya watu kabla ya kukubali, na usitaje namba kwa sauti usiyoijua, hata ikisema ni ya direksio.

Kuna pia RustDesk, ambayo sosiete inaweza kuweka serveri yake hapa hapa Kolwezi. Inaomba fundi wa kuilinda, na vijana waliosoma informatiki wako hapa, wanauza mega barabarani. Code du numérique ya 13 Machi 2023 inalinda tayari habari za mutu. Madelege waende nayo kwenye mazungumzo ya convention collective, pamoja na hesabu ya mishahara.