TUPIME NYUMBA TUNAZOLALA



Sisi wa reli twajua kwamba njia ni lazima ipimwe. Reli moja ikishuka kuliko mwenzake mahali pasipotakiwa, gari moshi laweza kuanguka. Lakini jioni twarudi Eastleigh, twapanda ngazi hadi ghorofa ya sita, wala hakuna aulizaye kama sakafu imelala sawa.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua, jumba lilianguka kando ya mto huko Huruma, jirani zetu. Watu zaidi ya 40 walikufa. Jumba hilo lilikuwa limekwisha tiwa katika orodha ya kubomolewa, na watu walikuwa wangali wamo.

Udongo mweusi wa Eastlands huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi. Msingi ukiwa hafifu, nyumba huinuka huku na kushuka kule.

Marekani wakaguzi wa nyumba wana chombo cha bei ghali cha kupimia jambo hili. Fundi wetu ana mpira wa maji. Chukua mpira mwangavu wa mita 15, jaza maji, toa mapovu yote. Maji ya ncha mbili husimama kimo kimoja, hata ukuta ukiwa katikati. Tia alama ukutani mita 1 juu ya sakafu, hamisha kimo hicho kwenye pembe zote, kisha pima kutoka kila alama hadi chini. Andika hesabu na tarehe. Mara moja haitoshi, maana huenda sakafu ilimwagwa vibaya tangu mwanzo. Rudia baada ya masika. Hesabu zikibadilika, nyumba inatembea.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya Kaunti. Ni kweli, wala tusiwaondolee. Tena mpira hauoni chuma kilichopunguzwa ndani ya nguzo; sakafu iliyo sawa si hati ya usalama. Lakini mpangaji mmoja akilalamika huambiwa ahame. Wapangaji ishirini wakienda pamoja na daftari lenye tarehe, ofisi haiwezi kusema haikuambiwa.

Basi naomba kila tawi linunue mpira mmoja na daftari moja. Na ukiona ufa unapanuka, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, usingoje mpira. Toa watoto nje kwanza, kisha kapige ripoti.