Mkoko Si Mti Pekee

Ndugu zangu wa Amu, Pate, Siyu na Faza, kupanda mti ni sadaka, na hilo halina mjadala baina ya Waislamu. Linaloniudhi ni desturi hii: kila ikitangazwa siku ya kupanda, watu hushuka matopeni na magunia ya mbegu za mkoko, wakachomeka jamii moja tu kila mahali, hata mbele kabisa panapopigwa na mawimbi, makao ya mlilana tangu enzi. Mbegu ya mkoko ni ndefu, kuichomeka si kazi. Ya mlilana ni ndogo, yataka kulelewa kitaluni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi hatutaki kuinama.

Pwani ya Kenya ina jamii 9 za miti ya maji chumvi, na zaidi ya nusu ya msitu huo umo Lamu. Mwenyezi Mungu ameupa kila mti kiti chake. Mlilana mbele, mkoko na muia nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu kule udongo unakokauka hata chumvi ikabaki juu. Msikundazi hupenda maji baridi, mtafute Kipini, Tana inapoingia baharini.

Kwa nini sisi 9, na Indonesia zaidi ya 40? Kule visiwa ni vingi, mvua haikatiki, na viti ni vingi zaidi. Na uchache huweza kutoka zamani pia: Ufini, barafu ya enzi za kale ilifuta misitu yote, na miti ya asili iliyorudi ni aina chache. Nasi tuvuke bara hadi Boni na Dodori, hifadhi tangu 1976: joto ni lile lile, lakini chumvi haipo, na aina za miti ni nyingi mno. Waboni wanazijua kwa majina.

Wingi huo una sababu nyingine. Wamarekani wawili, Janzen mwaka 1970 na Connell mwaka 1971, walieleza kuwa wadudu na maradhi huandama miche iliyosongamana chini ya mama yake, na nafasi ikashikwa na mti wa jamii nyingine. Basi apandaye mkoko ubavuni mwa mkoko amemwandalia mdudu karamu. Mlilana wa Gazi, pwani ya kusini, ulipoliwa na funza wapekechao mti, jirani zake wa jamii nyingine walibaki. Wala si mdudu tu: kule Mwache, Mombasa, mafuriko ya 1997 na 1998 yalileta tope, na mkoko ndio ulioangamia zaidi.

Nanyi si watu wa kufundishwa haya! Wazee wenu walijenga mji wa Amu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, upana wa chumba ukifuata urefu wa boriti. Fundi wa majahazi wa Matondoni hakuchanganya mti wa taruma na mti wa fito. Mwacha asili ni mtumwa.

   

Mwenye kuandaa upandaji ujao na amwite kwanza mkata boriti, amlipe ujira wake, naye mkata boriti amwoneshe maji yanapojaa na yanapokauka. Pesa za fulana na za hema ziende kwenye kitalu cha mlilana.