Matangazo yakivuka VLAN, usikimbilie kununua swichi mpya

Leo nina neno na wenzangu wa mitandao. Kazi yangu ni kuandika programu, si kufunga kebo, lakini programu ikikwama mimi ndiye napigiwa simu wa kwanza, kwa hiyo mambo ya mtandao yananihusu pia. Na kuna tabia moja inanikera: mtandao ukianza visa, fundi anazima swichi na kuiwasha. Visa vikirudi, anamwambia mwenye pesa kwamba swichi imechoka, inunuliwe nyingine.

Kwa wale ambao si wa fani hii, tuanze na mambo ya msingi. Kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja hupenda kupaza sauti. Moja ikimtafuta mwenzake inauliza wote, "Nani ana anwani hii?" Hiyo ni ARP. Nyingine ikiwashwa asubuhi inauliza, "Nani atanipa anwani?" Hiyo ni DHCP. Ujumbe unaopelekwa kwa wote namna hii ndio tunauita tangazo.

VLAN hugawanya swichi moja ifanye kazi kama swichi kadhaa, ili matangazo ya wageni wa Wi-Fi yasifike kwa mhasibu. Kiwango kinachotumika ni 802.1Q, kilichotoka mwaka 1998. Kinaongeza lebo ya baiti 4 kwenye fremu, na biti 12 kati ya hizo hubeba namba ya VLAN. Ndiyo maana namba za kutumia zinaishia 4094.

Haya, sasa umeona matangazo ya VLAN 20 ya wageni ndani ya VLAN 10 ya uhasibu. Je, swichi imeharibika? Msimamo wangu ni kwamba karibu kila mara, hapana. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwako, huuzi shamba. Unatembea kando ya ua mpaka uone palipobomoka. Na ua wa VLAN hubomoka mahali panapojulikana:

1. Kebo. Mtu ameiona inaning'inia, akaichomeka. Ncha moja iko porti ya VLAN 10, nyingine porti ya VLAN 20. Fremu inatoka upande mmoja bila lebo, ikiingia upande wa pili inahesabiwa kuwa ya huko. VLAN mbili zimekuwa moja na hakuna aliyegusa mipangilio.

2. Tranki isiyolingana. Kwenye tranki kati ya swichi mbili, VLAN moja kwa kawaida hupita bila lebo. Upande mmoja ukisema ni VLAN 1 na mwingine ukisema ni VLAN 10, matangazo ya 1 yataibukia 10. Swichi za Cisco zenye CDP huandika onyo la jambo hili kwenye kumbukumbu zao. Onyo lipo, wa kulisoma ndiye hayupo.

3. Porti ya mtumiaji iliyoachwa ijiamulie yenyewe kuwa tranki.

Kampuni moja hapa Nairobi, siitaji jina, ilinilaumu wiki nzima kwamba programu ya mauzo niliyowaandikia inakatakata. Kumbe baadhi ya kompyuta zao zilikuwa zinapewa anwani na DHCP ya wageni, na huko seva ya mauzo haifikiki. Bei ya swichi mpya ilikuwa imeshaulizwa. Dawa ikawa kuchomoa kebo fupi isiyofika hata mita moja.

Utaipataje hiyo kebo? Chomeka laptopu kwenye porti ya VLAN 10, fungua Wireshark, sikiliza dakika kumi. Matangazo hayahitaji ujanja, yanakufikia yenyewe. Lakini tahadhari: anwani ya IP ngeni peke yake si ushahidi, maana mtu anaweza kuiandika kwa mkono. Chukua anwani ya MAC ya kompyuta ya kawaida ambayo una hakika iko VLAN 20, kisha angalia jedwali la MAC la swichi. Ikionekana pia VLAN 10, tazama inaingilia porti gani. Porti hiyo ikielekea swichi nyingine, hamia huko uulize vilevile. Ukifika kwenye tundu, chomoa, sikiliza tena. Matangazo yakinyamaza, umelipata.

Wengine watasema haya ni mambo madogo. Kebo moja inaunganisha VLAN mbili; ya pili ikiongezwa, mzunguko unaweza kuzaliwa, na fremu ya Ethernet haina hesabu ya kuifisha njiani kama paketi ya IP. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ilikaa siku kadhaa bila mtandao wa kutegemewa, madaktari wakarudi kwenye karatasi. Chanzo cha kule hakikuwa VLAN kuvuja, bali mtandao uliokua kidogo kidogo mpaka itifaki ya kuzuia mizunguko ikalemewa. Lakini somo ni lilelile: mtandao usiotazamwa ukianguka, unawaangukia watu.

Kwa hiyo naomba mambo haya yawe sehemu ya kazi, si hisani. Zima porti zisizotumika. Porti za watumiaji zisijiamulie kuwa tranki, na zijifunge zikipokea BPDU, yaani salamu za swichi nyingine. Tranki ibebe VLAN zinazohitajika tu. Porti ya mtumiaji isiruhusiwe kugawa anwani za DHCP. Na kabla ya kukabidhi kazi, chomeka laptopu kwenye kila VLAN usikilize.

Nawe mwenye pesa, ukiambiwa swichi imekufa, usitie sahihi bado. Omba uonyeshwe MAC gani imevuka, na imepitia porti gani. Fundi asiye na jibu hajatafuta.