Tumtajaye Siye, Tumsahauye Ndiye

Ipo tabia inayonikera. Ikitajwa Jamhuri ya Afrika ya Kati barazani, utasikia mara moja: Bokassa, dikteta aliyejitawaza kaizari! Taji lake, kiti chake cha tai, mamilioni yaliyoteketea kumtawaza katika mji mkuu, Bangui, tarehe 4 Desemba 1977. Watu wazima wenye heshima zao husimulia wakicheka. Waulize Barthélemy Boganda ni nani, watatazamana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kibaya hiki hakijitembezi, sisi ndio tunaokinadi!

Boganda alizaliwa mwaka 1910 Bobangui, kijiji kilekile alikozaliwa Bokassa. Makampuni ya Kifaransa yaliwashurutisha watu kugema mpira porini, na yasimuliwa kuwa mamake aliuawa na walinzi wa kampuni kwa kutotimiza kiasi. Yatima huyo akalelewa na wamisionari, na mwaka 1938 akawa padre wa kwanza mzalendo wa Ubangi-Shari, kama nchi hiyo ilivyoitwa enzi za ukoloni. Wapo wanaomlaumu kwa kuacha upadre na kuoa mwaka 1950. Hilo waachieni yeye na Mola wake. Mwaka 1946 aliingia Bunge la Ufaransa, akakemea kazi za shuruti mbele ya wenye kuziamuru. Mwaka 1949 akaunda chama cha MESAN, na kazi zake zilikuwa tano: kulisha, kuvisha, kutibu, kufundisha, kuwapa watu makazi. Ni dini gani isiyotuamrisha hayo?

Tarehe 1 Desemba 1958 aliitangaza Jamhuri. Tarehe 29 Machi 1959 ndege yake ikaanguka, akafa kabla ya uhuru wa 1960.

Walimu wetu, ninyi ni taa ya taifa, nami nawaheshimu. Basi mbona mtoto anajua taji la dhalimu, hajui kazi tano za mwema? Bokassa naye alikuwa yatima wa unyama uleule wa wakoloni. Yatima wawili, kijiji kimoja: hilo ndilo somo, lifundisheni!

Na siwezi kuwanyamazia wakubwa wa Bangui. Kila 29 Machi humsifu Boganda kwa hotuba na mashada. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Serikali zimepinduliwa mwaka 1966, 1979, 1981, 2003 na 2013, na waliofuata waliendelea kujipamba kwa jina la Boganda. Waheshimiwa, fedha za mashada zipelekeni zahanati za Lobaye, kwao Boganda, zikanunue dawa. Marehemu hatawadai maua.