Mhasibu naye aisome dini ya jirani yake

Miongoni mwa hati ambazo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulizitangaza tarehe 28 Oktoba 1965 zimo Nostra Aetate, juu ya dini zisizo za Kikristo, na Optatam Totius, juu ya malezi ya mapadre. Hii ya pili, namba 16, inataka waseminari wazifahamu dini nyingine zilizoenea katika maeneo yao. Kwetu mafrateri, basi, kuusoma Uislamu si hiari. Lakini walei je? Kijana wa Parokia ya Msimbazi anayesomea uhasibu, uuguzi au sheria anamaliza chuo bila kufundishwa lolote kuhusu imani ya jirani yake.

Jibu ninalolisikia ni kwamba Kariakoo tumezaliwa pamoja, pilau ya Idi tunakula, kwenye misiba tunazikana. Ni kweli, na ni neema. Ila pilau haielezi murabaha. Atakayeajiriwa Amana Bank, inayofuata sharia tangu ilipoanza mwaka 2011, lazima aelewe kwa nini riba ni haramu, na benki inapataje faida kwa kununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei ya juu waliyokubaliana. Wakili naye hukutana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua ndoa za Kikristo na za Kiislamu. Na ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kifusi hakikuchagua dini. Muuguzi anayewakabidhi ndugu Waislamu mwili wa marehemu wao ajue kwamba wakiharakisha maziko hawamgombezi yeye, wanatimiza wajibu.

Jiji hili linaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Biblia na Kurani zikifunuliwa hadharani ili mmoja amshinde mwenzake. Wale walisoma kwelikweli (wengine walizijua sura na aya za Biblia kuliko sisi!), lakini hawakusoma ili waelewe. Utetezi wa imani una mahali pake. Somo ninalolisema ni jingine. Shehe aje aieleze funga mwenyewe, nasi tumweleze Utatu kwa maneno yetu.

Wapo wanaohofia vijana watayumba. Anayeyumba kwa kuelezwa maana ya swala ana upungufu wa katekesi, na huo ni wetu kuurekebisha. Vyuo vikichelewa kuweka kozi, matawi ya TMCS yanaweza kuanza muhula huu. Kumwalika shehe wa mtaa Jumamosi moja hakuhitaji kibali cha seneti.