Mtungi Umejuaje Kwamba Nimelipa?



Jumamosi moja jirani yangu alinijia mlangoni mwiko ukiwa bado mkononi. Alikuwa amebandika maharage ya wageni, moto ukazimika ghafla. Aliunyanyua mtungi wa gesi, akauona ungali mzito. “Dada, njoo unitazamie. Gesi imo lakini haitoki!”

Nilikwenda, nikakuta si kazi ya fundi. Mtungi wake ni wa ile aina ya kulipia kidogo kidogo, na fedha alizolipa zilikuwa zimekwisha. Alilipa tena kwa simu, na baada ya muda si mrefu jiko likawaka. Tukacheka. Kisha akaniuliza, “Sasa mtungi umejuaje kwamba nimelipa?”

Mtungi wenyewe haujui lolote. Kinachojua ni ile mita iliyofungwa juu yake. Ndani ya mita mna kipimo kinachohesabu gesi inayopita, koki inayojifunga na kujifungua yenyewe, betri, na laini ya simu kama iliyomo katika simu yako. Mita huipelekea kompyuta ya kampuni habari za gesi iliyotumika na iliyobaki. Ukilipa, kompyuta hupata taarifa ya malipo, nayo huiamuru mita ifungue koki. Ndiyo maana kampuni huweza kukuletea mtungi mwingine kabla ule wa kwanza haujakwisha kabisa. Umeme wa jua wa mkopo, ambao kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya mwaka 2012, nao hufuata njia hiyo: malipo yakikoma, amri ya kuuzima hutoka mbali.

Tusichanganye vyombo hivi na ile mita ya LUKU ya kubonyeza namba 20. Ile haizungumzi na mtu. Inasoma namba ulizoziingiza kwa kidole chako, basi. Chombo ninachokisema hapa kina mawasiliano yake, nacho hupeleka habari na kupokea amri hata wewe ukiwa umelala.

Baadhi ya mambo haya ya mwanzo yalitokana na uvivu wa wasomi. Mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kutembea hadi kwenye birika la kahawa na kulikuta tupu. Wakaweka kamera ilitazame, kila mmoja aone picha yake mezani kwake. Mwaka 1993 picha hiyo ikaunganishwa na intaneti, na watu wa mbali wakawa wanachungulia birika la kahawa ambayo hawatainywa kamwe! Kamera hiyo ilizimwa mwaka 2001.

Leo kamera ya namna hiyo, ndogo kama kikombe, iko juu ya kabati sebuleni kwetu. Tunakwenda kazini, mtoto anabaki na dada wa kazi, na roho haitulii. Simlaumu mama anayeinunua, maana nami niliinunua. Lakini tujue picha inapita wapi. Hutoka kwenye kamera, ikaingia katika ruta ya nyumbani, na mara nyingi hupitia kompyuta za kampuni iliyo nchi nyingine, ndipo ifike kwenye simu yako. Sebule yako inasafiri safari ndefu kabla hujaiona. Na yeyote mwenye neno la siri anaiona pia.

Kamera nyingi zimetoka kiwandani zikiwa na neno la siri moja kwa zote, nasi hatulibadilishi. Mwaka 2016 programu moja ya wahalifu, iitwayo Mirai, ilizunguka katika intaneti ikijaribu maneno ya kiwandani, orodha ya yapata 60 tu. Ikateka kamera na ruta mamia ya maelfu. Mwezi Oktoba mwaka huo vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni moja ya Marekani, na watu wengi huko wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hawakujua kitu. Zao ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Mwaka 2017 serikali ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, aliyekuwa akizungumza na watoto kwa msaada wa intaneti, na wazazi wakatakiwa kumharibu. Hakuwa na neno la siri hata moja. Mtu aliye karibu, hata nje ya ukuta, angeweza kujiunga naye kwa simu yake na kumsikiliza mtoto chumbani. Kwa hiyo siku ile ile unayofungua boksi, badilisha neno la siri, na usiweke jina la mtoto wala mwaka wake wa kuzaliwa.

Mimi nilibadilisha siku ile ile, nikajiona hodari. Kosa langu lilikuwa jingine. Sikumwambia binti anayenisaidia kazi. Miezi miwili baadaye aliona picha ya sebule katika simu yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Mama, mimi huwa nabadilishia nguo hapo, mtoto akilala.” Neno la siri nilikuwa nimempa mume wangu, na shemeji aliyetufungia kamera alikuwa nalo pia.

Binti huyu aliletwa kwangu na mama yake mzazi, na jioni tunasali naye meza moja. Sikuwa na la kujitetea. Hata sheria ipo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yao ya mwaka 2019. Lakini siku ile si sheria iliyonichoma.

Nilimwomba msamaha mbele ya mume wangu. Nikabadilisha tena neno la siri, nikafuta picha zote zilizohifadhiwa, shemeji nikampigia na kumweleza kwa nini hataiona tena. Kamera tumeihamishia barazani, inatazama geti. Binti naye nimemfundisha kuizima na kuiwasha.